Jina la kaka yangu lilivyoshusha bei ya kitabu cha katuni

Tarehe 6 Mei mwaka jana nilimpoteza kaka yangu Hamisi, hapa Durban. Alianguka kazini, kwenye yadi ya makontena, hakuamka tena.

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa jukwaa hili wa siku nyingi, ila sijawahi kuanzisha uzi. Shule nimeishia darasa la saba, mnivumilie. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea bila kuongeza chumvi. Pale nisipoelewa nitasema sielewi, na ni pengi.

Kaka ndiye aliyetangulia kuja huku kutoka Tanga, mimi nikamfuata. Mimi niko kiwanda cha magodoro, eneo la Jacobs. Yeye alikuwa akiishi mjini kwenye flat na mke wake, shemeji yangu Zaituni, na binti yao anayesoma hapa hapa.

Hamisi alikuwa na boksi la vitabu vya katuni vya zamani, vile vya Kimarekani vya mashujaa. Alivipata mtaa wa Bluff, kwa wazee wa kizungu wanaouza nyumba na kuhamia kwa watoto wao. Jumapili wanatandaza vyombo vyao nje, sahani, mapazia, nyavu za kuvulia, na chini kabisa unakuta hivyo vitabu.

Kiingereza alikijifunza humo. Alikuwa akitusomea huku akitafsiri, jitu baya akilipa sauti ya mjomba wetu wa Pangani. Tulicheka sana.

Lakini vipo alivyoviweka kwenye mifuko ya plastiki na hakutaka viguswe. Mimi nilidhani ni usafi tu. Kaka alikuwa mtu wa usafi, hata viatu vya kazini alivipiga brashi.

Sasa twende kwenye msiba.

Aliyemwosha kaka ni Uncle Idrisa, kinyozi wa Chatsworth. Huyu ni wa wale Wazanzibari wa Chatsworth, watu waliokaa nchi hii vizazi na vizazi. Kiswahili anajua maneno machache tu, tunaongea naye Kiingereza. Hatukumjua kabla. Tuliambiwa kuna mzee anaosha maiti na hachukui hata senti, tukampigia, akaja na mfuko wake wa karafuu maiti na marashi.

Siku ya kuvunja matanga tukagawa vitu vya marehemu. Kwetu aliyemwosha ndiye anayechagua kwanza. Hamisi alikuwa pande la mtu, Uncle Idrisa ni mdogo kama mimi. Aliinua shati moja, akalitazama, akacheka kidogo.

"Humu tunaingia mimi na mke wangu," alisema.

Akaliona boksi. Akauliza kama anaweza kuchukua kitabu kimoja. Nikamwambia achukue anachotaka. Akachagua chenye jalada jekundu, kimoja cha vile vya kwenye plastiki. Jaladani kuna mpiga mbizi mwenye taa kifuani.

Wengine nao wakachukua vyao. Papa Gloire, Mkongomani mwenye duka la simu chini ya flat yao, alichukua vitatu. Kila mtu akaondoka na kumbukumbu. Vilivyobaki ni vile vilivyochanika, vya kusomea. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Haikupita hata mwezi, Papa Gloire akaja kwangu jioni, anahema. Huwa ananiita yaya, kwao ni kaka.

"Yaya, ile bitabu mulitupatia, mulijua ni nini?"

"Ni katuni."

"Hapana katuni. Angalia prix, bei yake."

Akanionyesha simu. Nakala nyingine ya kitabu chekundu, mpiga mbizi yule yule, ilikuwa imeuzwa kwenye mnada. Nikasoma R1,800.00. Nikasema kumbe, si haba.

"Yaya, hapana nukta hapo. Ni one hundred and eighty thousand rand. Vraiment, hii ni motokari."

Nilikaa kitandani.

Wakuu, hapa ndipo kuelewa kwangu kulipoanza kukwama, na hadi leo kumekwama.

Papa Gloire alinieleza kuwa kuna watu kazi yao ni kukipa kitabu maksi, kama mwalimu, hadi kumi. Chenye tisa bei ya gari. Kitabu hicho hicho chenye tatu, bei ya matairi. Kikishapewa maksi kinafungiwa ndani ya plastiki ngumu na hakifunguliwi tena. Ukikifungua ukakisoma, maksi zimekufa.

Nikamuuliza, sasa anayenunua anasoma nini? Akasema hanunui kusoma, ananunua ili amuuzie mwingine. Na huyo mwingine? Naye hivyo hivyo.

Na hicho chekundu kina nini? Akasema huyo mpiga mbizi ndiyo mara yake ya kwanza kutokea duniani, na kuna tetesi atatolewa filamu. Nilipokuja kukiona vizuri kitabu chenyewe, mpiga mbizi yumo kurasa mbili tu. Anapita, anasaidia mtu, anaondoka. Bei yote ile ni ya kurasa mbili.

Shemeji aliniruhusu kufungua simu ya marehemu. Tukakuta mazungumzo yake na bwana mmoja wa mnada, Johannesburg. Kaka alimtumia picha za kitabu chekundu, bwana yule akakadiria one eighty. Hamisi akajibu kwamba atasubiri filamu itangazwe, bei ipande zaidi.

Kwa hiyo kaka alijua. Hakumwambia mke wake, hakuniambia mimi. Nimejiuliza mara nyingi kama yule aliyekuwa akitusomea na yule aliyekuwa akisubiri filamu ni mtu mmoja.

Shemeji Zaituni alikuwa eda, hatoki. Nilimweleza pale sebuleni, binti akiwa shule.

"Shemeji," akasema, "mimi hilo boksi nililipiga teke kila nikifagia."

Nilijua anawaza nini. Mama yetu na wajomba wa Tanga walikuwa wakipiga simu kila wiki, eda ikiisha arudi nyumbani na mtoto. Yeye hataki. Yeye ni fundi cherehani mzuri, na alikuwa ameonyeshwa chumba cha biashara mjini, ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mbele. Bila hiyo anarudi Tanga, binti anaachia shule katikati.

"Kitabu kiko wapi?" akauliza.

"Nimempa aliyemwosha."

"Nenda kakiombe."

"Shemeji, kitu ukishampa aliyemwosha maiti unakirudishaje?"

"Sijui. Mimi siwezi kutoka. Nenda wewe."

Nikapanda taxi hadi Chatsworth. Njia nzima natunga maneno, na kila nilichotunga kilinuka.

Nilipoingia kinyozini kwake, wateja wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mmoja, kijana wa Kihindi mwenye ovaroli, alikuwa anakisoma kitabu chekundu. Analamba kidole, anafunua ukurasa. Anacheka peke yake.

Uncle Idrisa akafurahi kuniona. Akakichukua kwa yule kijana ili anionyeshe. Mgongo ulikuwa umelegea, naye alikuwa ameubandika gundi ya karatasi vizuri kabisa, ameinyoosha kama mshono. Na juu ya jalada, kwa peni ya bluu, ameandika jina kamili la kaka yangu, na chini yake kwa Kiingereza: msomaji, mwombee dua.

Mnajua juzuu za msikitini zinavyoandikwa jina la marehemu ili kila anayesoma amkumbuke. Yeye aliona kitabu ni kitabu.

"Wengi wananiuliza huyu ni nani," akaniambia. "Nawaambia ni ndugu yetu mmoja, mtu mkubwa, mabega yake hayakuenea kwenye kitanda cha kuoshea. Wanasema amina. Hata wasio Waislamu wanasema."

Nilikunywa chai yake. Sikuomba kitu. Nilipiga picha ya jalada, nikaondoka.

Papa Gloire alipoiona picha alishika kichwa. "Na bic, yaya. Ameandika na bic."

Tulimpigia yule bwana wa mnada. Mtu mstaarabu, alitupa pole kwanza. Akasema kwa peni na gundi ile maksi zimeanguka chini kabisa. Pengine twenty thousand, siku ikiwa nzuri.

Nikamuuliza, kwani maandishi yoyote yanashusha bei? Akasema hapana, angekuwa ameandika jina mchoraji mwenyewe, bei ingepanda hata mara mbili.

Nilirudia kumuuliza ili nihakikishe. Jina la mtu mmoja linapandisha. Jina la kaka yangu linashusha. Akasema samahani, ndivyo soko lilivyo.

Kisha akatoa njia. Anaye fundi wa kufuta wino na kutoa gundi. Itajulikana kimesafishwa, na hilo nalo linapunguza, lakini linapunguza kidogo kuliko jina. Likifutwa anaona sixty thousand inafikika, na tuharakishe kabla tetesi za filamu hazijapoa.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kusema kweli nilitamani shemeji akatae. Nilimweleza yote, benchi, yule kijana, amina, nikijua kabisa navuta upande gani.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lifutwe," akasema.

Nikamtazama.

"Usinitazame hivyo shemeji. Jina la Hamisi Mungu analo. Mwenye nyumba hana habari nalo."

"Lakini Uncle Idrisa..."

"Uncle Idrisa nitamwomba mwenyewe. Nikitoka."

Basi tukasubiri eda iishe. Papa Gloire alikuwa anachanganyikiwa kwa haraka, tetesi zinapoa, tetesi zinapoa. Wakati huo alizunguka kwa waliokuwa msibani akinunua vile vitabu vyao kwa bei ya mkate, akatumia fedha ya kuletea makava ya simu. Simlaumu. Alinishauri na mimi ninunue, ningekuwa nayo labda ningenunua.

Kitabu chekundu baadaye kilienda kwa fundi, kikaingia mnadani mtandaoni. Tuliangalia kwenye simu ya Papa Gloire. Watu wawili wasioonekana walikuwa wanashindana, kila mmoja anaongeza, kikapita sixty kikaishia seventy-one. Siwajui ni nani. Mmoja wao sasa anacho, kimefungwa kwenye plastiki ngumu, hakisomi.

Muda mfupi baadaye ikatangazwa filamu haipo tena. Kingine kama kile, kisafi, kisichowahi kuguswa na peni, kiliuzwa chini ya chetu. Nilimuuliza bwana wa mnada inakuwaje. Akasema tulikuwa na bahati. Vya Papa Gloire vinaning'inia dukani kwake pamoja na chaja, vina bei ya maelfu, na wateja wanauliza kama anatania.

Shemeji amelipa chumba. Anashona. Binti yuko shule. Mama amenuna, lakini anapokea simu.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hamjagawa vitu vya marehemu, kaeni na mkewe, ulizeni kila kitu ni nini na alikitunzia nini. Tulijali nguo, tukaona katuni ni takataka. Mengine yote sijajifunza, nimechoka nayo tu. Wenye uelewa wa biashara hii nielezeni taratibu: bei inatoka wapi, kama hakuna anayesoma? Na waliofiwa niambieni, shemeji alikosea? Siku nyingine naona alipatia, siku nyingine naumia. Mkinipinga sitakasirika.

Nimeruka siku tuliyokwenda kukichukua, nimeona niiweke mwisho kwa sababu ndiyo inayonirudia.

Ilikuwa mara ya kwanza shemeji kutoka baada ya eda. Alivaa baibui jipya aliloshona mwenyewe. Begani alikuwa na mfuko, hakuniambia una nini.

Tulikuta benchi limejaa. Wanaume wakasogea, akakaa. Alimweleza Uncle Idrisa kila kitu kwa Kiingereza chake cha kukwama, kodi, mnada, na kwamba jina litafutwa. Hakupunguza neno. Mkasi ulisimama kichwani kwa mteja.

Uncle Idrisa akafuta mikono. Akakichukua kitabu, akakifunga kwenye taulo safi, akampa kwa mikono miwili.

"Ni chako, dada. Mimi nilikuwa nimekishika tu."

Shemeji akafungua mfuko wake. Alikuwa amebeba vile vilivyochanika, vya kusomea, vyote. Akaviweka kwenye benchi.

"Hivi havina bei," akasema. "Nimeuliza."

Uncle Idrisa akavuta droo, akatoa peni ya bluu, akaanza kuandika. Cha pili shemeji akamwomba peni, akaandika yeye. Aliandika polepole, akapuliza wino ukauke, akachukua kingine. Watu wa benchi wakawa wanavipokea mmoja mmoja.

Mteja akashuka kitini. Uncle Idrisa akakung'uta kitambaa, akaniita mimi, nikaenda kukaa.