Chapa ya Gidabuday na Mkono wa Plau

Kornelia alikuwa mtu wa kucheka na vyuma. Mafundi wenzake pale karakanani Katesh walichomelea wamenuna, yeye alichomelea akiimba, na kazi ikimnyookea aliacha kila kitu chini akacheza peke yake. Kwao ni kijiji cha Daudi, kwenye baridi ya Mbulu, kwa wakulima wa vitunguu saumu. Alisomea ufundi mitambo Arusha enzi zile soko huria limemwaga mitumba ya kila namna, kompyuta nazo zikiwemo, akarudi Manyara na moja iliyochubuka kona zote. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchora chuma na kukipima kabla hakijakatwa. Alivyoipenda, ungesema kaolewa nayo!

Baltazar, mwenye karakana, hakuipenda hata kidogo.

"Kompyuta hailimi," alisema. "Nakupa kazi moja. Mkono wa gurudumu la plau, ule unaovunjika kila msimu kwenye mawe ya Gendabi. Na huo ukivunjika, mashine yako itoke humu, na wewe ukauze misumari dukani."

Kuuza misumari! Kornelia aliona afadhali augue.

Mwenye plau alikuwa mzee Gidabuday, mfugaji wa Gendabi aliyeanza kulima baada ya kuona majirani zake wanavuna. Alikuja na sharti moja: mkono huo uwe na chapa ya boma lake, kama ng'ombe wake wote. Kornelia akaichora palepale ubavuni mwa umbo lililokuwa kwenye kioo cha kompyuta, duara na mistari yake iliyopinda. Mzee akafurahi, akavuta benchi akakaa kuangalia chuma chake kikitengenezwa.

Sasa, programu ile haipimi umbo zima kwa mkupuo. Kwanza hulikatakata vipande vidogo vilivyoshikana kama wavu, kisha hukiuliza kila kipande kinaumia kiasi gani. Penye uso laini vipande hutanda vizuri. Ila kwenye vifereji vya ile chapa vilirundikana kama sisimizi kwenye sukari. Kompyuta ikanguruma, ikapata moto, ikaganda.

Dawa yake Kornelia aliijua. Umbo husafishwa kwanza: vitundu visivyo na kazi vinazibwa, vikona vya urembo vinanyooshwa, nakshi inaondolewa. Akaanza kusafisha huku anaimba. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na chapa ikatoweka.

"Wewe!" Gidabuday alisimama, fimbo ikagonga sakafu. "Umefuta chapa yangu!"

Kornelia akaacha kuimba. Alikuwa amesahau yuko na nani. Huko tambarare kwa wafugaji, anayefuta chapa ya mtu ni mmoja tu, naye ni mwizi wa ng'ombe.

"Mwizi!" mzee alipaza sauti. "Mwizi wa mchana, tena mbele ya macho yangu!"

Vijana wa pikipiki waliokuwa barabarani wakajaa mlangoni. Baltazar akatoka nyuma, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akaitazama kompyuta kama mtu anayepima pa kuitupia. Kornelia aliogopa, na hapohapo, Mungu amsamehe, kicheko kilimpanda kifuani. Akakimeza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lakini umefuta."

"Baba, ndama anapigwa chapa akiwa bado tumboni?"

Mzee akamkazia macho. "Tumboni? Nani afanye hivyo? Anazaliwa kwanza, anakua, ndiyo unapiga."

"Basi huyu wako bado yuko tumboni."

Gidabuday akaitazama kompyuta, akaizunguka, akaichungulia mpaka chini. Kisha akarudi kwenye benchi. "Haya. Mzalishe."

Safari hii wavu ulitanda kama maziwa kwenye sahani. Kornelia akaonyesha mahali jiwe litakapogonga na mnyororo utakapovuta, akaiacha programu itafune chuma chote kisicho na kazi. Ikala, ikala, mpaka ukabaki mkono mwembamba wenye matundu makubwa. Kornelia aliruka na kupiga makofi.

"Amekonda," alisema Gidabuday. "Na paja liko wapi? Mimi nipige wapi?"

Ehe! Sehemu za bolti alikuwa amezikinga zisiliwe, lakini mahali pa chapa hakupakumbuka, na programu ilikuwa imepatafuna pote. Sasa kicheko hakikumezeka tena. Alicheka akajishika mbavu, mzee akacheka, vijana wa pikipiki wakacheka bila kujua wanacheka nini. Akarudi kwenye umbo, akatenga ubavuni kipande cha upana wa kiganja, akaiamrisha programu: hapa usiguse. Ndama akatoka tena, mwembamba, ana paja.

Wakaukata mkono huo kwenye bamba nene, wakaufunga kwenye plau, wakaenda Gendabi, Baltazar naye akafuata ajionee. Ng'ombe wakavuta. Gurudumu likapanda jiwe, likateleza, chuma kikalia kwa sauti mbaya, ng'ombe wakasimama. Kornelia alifumba macho. Aliiona misumari, makopo na makopo ya misumari.

Gidabuday akainama, akaupapasa mkono ule kuanzia juu mpaka chini.

"Mzima," akasema.

Baltazar akapapasa naye, akakohoa. "Mashine yako ibaki," alisema, akajifanya anaangalia mnyororo.

Mzee alitoa tindo na nyundo mfukoni mwa koti. Kornelia akasogea kumpisha, lakini mzee akamshikisha yeye.

"Chapa ya boma inapigwa na watoto wa boma," alisema.

Kornelia akapiga magoti kwenye udongo uliolimwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakucheka. Machozi yalimjaa machoni asione chuma kiko wapi.

"Unalia nini?" Gidabuday alimwinamia. "Piga, mwanangu. Ng'ombe wamesimama."