Usingizi Ulimkuta Jikoni

Mama hakuwa amelala vizuri tangu tukimbie vita kwetu, upande wa Beni. Katika nyumba tuliyopanga Kimemi, mtaa wa Butembo, alikaa kitandani ameegemea ukuta, kitambaa kichwani, akisikiliza. Alisikiliza nini, sikujua, nilipomuuliza alisema, "Hakuna." Daktari alimpa vidonge. Mchungaji alimwekea mikono. Mimi sikuviamini vidonge, wala mikono sikuiamini, na kwa kuwa mtu anayekataa kila kitu mwishowe huulizwa yeye analeta nini, nilileta wazo la milima.

Rafiki alikuwa ameniambia habari za nyumba ya shamba karibu na Musienene inayopokea wageni. Ina vyumba vya kulala, chai ya asubuhi, ng'ombe wa kutazama, na maporomoko ya maji si mbali. Niliona ni jambo la kuchekesha. Nusu ya Butembo imelikimbia jembe, halafu mtu alipe ili aamke kando ya shamba la viazi? Lakini ndani ya kicheko changu kulikuwa na tamaa. Nilitaka kumwona mama amelala, hata mara moja.

Tulipanda kwa moto, yaani pikipiki, mama katikati, amempakata kuku hai aliyefungwa miguu.

"Mama, tunalipa kule. Ni kama hoteli."

"Hoteli iko na mwenyewe?"

"Iko naye."

"Basi. Tutafika aje kwa mutu mikono bule?"

Barabara iliingia katika ukungu, na kwa muda niliona mikaratusi tu, imesimama bila mizizi, kama vile mtu aliichora na kusahau kuchora ardhi. Nyumba ilitokea ghafla, ya matofali, ya zamani, yenye bomba la moshi na kibao cha rangi kilichoandikwa *Maison d'hôtes*, nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa umri wa mama, amevaa sweta la wanaume juu ya kikwembe. Alitusalimia kwa maneno aliyozoea kuwapa wageni, kisha mama akamnyooshea kuku.

Mjane alimtazama kuku, akanitazama mimi, akatazama kibao chake. Kwetu, mwanamke anayefika na kuku hai si mteja. Ni mtu wa kupitishwa jikoni, akae karibu na moto, aulizwe habari za watoto. Lakini chumba kilikuwa kimetandikwa.

"Wasingya, mama," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwetu, akampokea kuku kwa mikono miwili, na akatupeleka chumbani.

Shuka zilikuwa nyeupe, zimepigwa pasi. Mama alizilalia kama mgonjwa anayesubiri kupimwa. Asubuhi nilimkuta ameketi, kitambaa kichwani, na sikuhitaji kumuuliza.

Chai ililetwa barazani: maziwa ya moto, mkate, omeleti, jibini ya hapo hapo, matunda ya marakuja yaliyokatwa nusu. Mjane alipanga kila kitu juu ya kitambaa kilichoshonwa maua, akatutakia *bon appétit*, akaondoka. Mbele yetu ukungu ulikuwa ukishuka bondeni, na kengele za ng'ombe zilisikika bila ng'ombe. Nilijiuliza ni nani alitufundisha kwamba mandhari huponya. Je, wanaoamka humu kila siku wanapona nini? Hata hivyo nilikuwa nimeanza kuelea, kikombe mkononi, nikiwa karibu kuamini.

Mama hakuwa amegusa kitu.

"Tulimukosea nini ule mama?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Kwa nini?"

"Anatuletea chakula na anakimbia. Mutu anakuachaka na sahani peke yako namna ile kama hapendi uso yako."

"Ni heshima. Wageni wanaachwa watulie."

"Heshima gani ya kukula na mawingu?"

Aliinuka, akakusanya sahani zote juu ya sinia, akazunguka nyumba. Nilimfuata nikiona aibu mapema. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma, cheusi kwa moshi, moto wa kuni katikati, na simbilisi wakikimbia sakafuni na kulia kwi, kwi, wakitafuta majani.

Mjane aliruka. "Mama, hapana! Bageni banakulaka inje!"

"Mimi si mugeni. Nilikuya na kuku."

Kisha mjane akacheka, mkono mdomoni. "Eh, mais mama! Tangu jana niliona haya. Nilisema, huyu ananipa kuku na mimi ninamupa chumba na funguo?"

"Na shuka ya hospitali."

"Weye! Nilipiga pasi ile shuka mimi mwenyewe!"

"Njo maana sikulala. Niliogopa kuikunja."

Alipewa kigoda, kisha mkeka, kisha ungo wa maharage ya kuchambua. Walikula pamoja mkate na jibini. Niliwaacha wakisemezana kuhusu baridi, kuhusu kakao isiyokubali kuota huku juu, kuhusu wana wasioleta wakwe. Pale niliona nijiondoe. Nilikuwa nimeagiza motadi, mtu wa pikipiki, aje kutupeleka kwenye maporomoko.

Niliporudi kumwita, mjane aliweka kidole mdomoni.

Mama alikuwa amelala. Kwa ubavu, juu ya mkeka, mdomo wazi kidogo, kitambaa kimeteleza na mvi zake zote nje. Simbilisi mmoja alikuwa amejibanza kwenye kisigino chake. Mama alikuwa anapumua kwa kina, kama mtu anayeteremka mlima.

Hapo nikasikia pikipiki ikipanda kilima, na honi. Nilikimbia, ndala moja ikabaki kwenye matope.

"Zima! Zima!"

Motadi alizima. "Kuko nini, patron? Mama amekufa?"

"Analala."

"Analala tu?"

"Tu."

Alishusha mkono kutoka kwenye honi. Labda naye alikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwake. "Na maji?"

"Maji yatatusamehe."

Hakuwasha tena. Aliigeuza pikipiki kwa mikono, akaikalia, akaiacha iteremke yenyewe, bila sauti, mpaka ukungu ukammeza.

Nilikaa kwenye kizingiti. Ilikuwa moto? Moshi? Uchovu tu uliofika siku yake? Nilijaribu kuchambua sababu kama maharage, na kila moja ikanitoka vidoleni. Mjane alichochea kuni polepole, kijiti baada ya kijiti, asigonge. Jua lilitoka, likaingia tena. Sijui ilikuwa saa ngapi.

Mama aliamka ghafla, akashika kichwa, akatafuta kitambaa chake.

"Ulilala, mama," nilisema.

"Nani? Mimi? Nilifunga tu macho ju ya moshi."

"Moshi ya hapa ni mubaya sana," mjane alisema, akiwa ameinamia chungu ili asionekane anacheka. "Inafungaka watu macho mpaka wanakoroma."

Mama alivuta ungo, akaanza tena kuchambua maharage pale alipoishia. Shavuni alikuwa na alama za mkeka, mistari iliyopandana, na hakujua. Sikumwambia.

"Mukiwa na viazi bya kuchimba kesho," alimwambia mjane, bila kuinua macho, "muniamushe."