Kushuka Baiskeli Kila Sentensi

Mdogo wangu, mimi si mzee. Mvi sina, na digrii yangu ingali inanukia wino. Lakini kesho nawe unatoka Zombo kwenda Mikumi kufanya majaribio ya kazi ya kutembeza wageni, na aliyetangulia kuanguka ndiye ajuaye shimo lilipo. Kaa basi nikwambie kilichoninyima usingizi wiki yangu ya kwanza pale kambini.

Lilikuwa neno dogo tu: gonna, yaani going to iliyokatwa. Wageni walilisema kutwa. Walisema na wanna, na gotta, na dunno, watu wazima wenye heshima zao. Nami nilifundishwa Kiingereza na mwalimu aliyeona neno lililokatwa mkia kama matusi. Nikajiuliza: nikisema kama wao, si nitaonekana mhuni anayewakatia wazee maneno? Nisiposema, si nitasikika kama taarifa ya habari? Nikageukia ubavu huu, nikageukia ule. Nafasi ilikuwa moja, na mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba nimeipata.

Siku ninayoikumbuka zaidi, nilitoka na Bi Matilda, mama wa Kilosa mjini, kiongozi wetu mkuu, ambaye ndiye angeamua kama nabaki au narudi. Laiti ungemsikia akizungumza! Kwenye redio ya ofisini Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi. Akiwageukia wageni, maneno yaleyale yalilegea, yakashikana mikono, yakacheka. Nilimwonea wivu, na sioni haya kukwambia.

Kwenye tambarare ya Mkata tukawakuta tembo na watoto wao kando ya barabara. Nyuma yangu garini alikaa bibi mmoja mgeni, umri wa nyanya yetu, na mumewe. Akaninong'oneza, "They gonna cross?"

Nikajiweka sawa kitini. "Madam, it is highly probable that they are going to..."

Kabla sijafika mwisho, tembo walikwisha vuka na kuzama vichakani. Bibi wa watu alikuwa ananitazama mimi, kwa adabu, akingoja nimalize. Alisafiri kutoka mbali aone tembo wakivuka, akaishia kuona meno yangu.

Tuliposimama kupumzika, Bi Matilda akaniita pembeni.

"Hebu niambie. Huko kwenu Zombo, kijana yuko kwenye baiskeli, anakutana na mzee. Anafanyaje?"

"Anashuka, Mama. Anashika usukani, anaamkia, anauliza habari za nyumbani, ndipo anapanda tena."

"Na nyoka akiwa nyuma ya huyo mzee?"

"Aa, hapo anapiga kelele tu."

"Bila shikamoo?"

"Bila, Mama."

"Basi wewe, mwanangu, unashuka baiskeli kila sentensi! Yule bibi hakukuomba salamu. Alikuomba tembo."

Nikajitetea kwamba ni watu wazima, siwezi kuwakatia maneno. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mimi ukiniaga unasema 'ntakuja', siku zote. Nimewahi kukuambia huna adabu? Adabu yako naiona unavyoningoja nimalize kusema. Na hilo 'mwanangu' ninalokuita, si mwana na wangu waliokumbatiana? Nimekudharau?"

Tulipoondoka nikawasikiliza wale wazee wawili. Gari likaingia kwenye mashimo. Mume akamwambia mkewe, "Gimme your hand, it's gonna be bumpy." Maneno aliyakata, mkono hakuuachia. Nikaona kumbe huku kukata ndiko kuzoeana: watu walioishi pamoja hawadaiani silabi. Nikakipenda Kiingereza chao siku ile kuliko miaka yote niliyokaa darasani.

Kwa hiyo shika haya. Barua ya kazi iandike kwa maneno mazima, na ukiitwa ofisini sema hivyohivyo. Garini, msikilize mgeni kwanza, umjibu kwa mwendo aliokuja nao. Usikate maneno ili uonekane wa mjini. Mgeni atasikia kwamba umevaa kiatu kisicho chako. Gonna ikikukwama, sema going to, fupi, uendelee. Hakuna atakayekufukuza kwa hilo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ni kweli, ila mimi niliuogopa ulimi hadi nikasahau kwamba kuna mtu ananingoja. Mungu akupe ulimi mwepesi, sikio pana na moyo usiopungukiwa heshima. Uende salama, na wale utakaowatembeza warudi kwao wakikutaja kwa wema.

Mimi, asubuhi iliyofuata, niliingia garini nimeshaamua: nikikosea, nitarudi kulima na baba, lakini yule bibi ataona. Hatukwenda mbali, nikamwona simba jike ameinamisha mabega nyasini, mbele ya pundamilia. Sikujiweka sawa kitini.

"Left side! She's gonna jump!"

Bibi akageuka upesi, akamshika mumewe begani, akaona kila kitu. Mimi hakunitazama hata kidogo.