Mke Niliyemzua Soko la Ibra

Usiku kucha nilijiuliza: mwanamume mwenye shahada akionekana anashona mfarishi, tandiko nene la kitanda la vipande vya kanga, ofisini watamwitaje? Kushona kofia hakuna aibu, baba zetu wameshona. Mfarishi ni kazi ya mabibi. Lakini dada yangu alikuwa anaolewa Sur, huku Oman, nami nilimuahidi mfarishi wa kanga za marehemu mama alizotoka nazo Unguja, na ulikuwa haujaisha. Basi nikaazima kwa rafiki gari lenye kitanda na jiko, nikatoka Nizwa polepole. Kila nikisimama nashona, mapazia nimeyafunga.

Nilipofika Ibra nikautundika mfarishi mlangoni upate hewa. Kumbe nimeegesha mbele ya soko la wanawake. Mara wamejaa, wanapapasa, wanauliza bei kwa Kiarabu.

"Hauuzwi," nikasema. "Kaushona mke wangu."

Mama mmoja akanijibu kwa Kiunguja safi. "Mashallah. Yuko wapi tumpe mkono?"

"Amelala ndani."

"Saa nne hii? Hodi, bibi harusi." Akagonga bati. Kisha akanitazama kifuani. "Mwanangu, mkeo akilala, sindano yake unamshikia wewe?"

Nikainama. Sindano nilikuwa nimeichomeka kwenye kanzu, uzi mwekundu unaning'inia mpaka tumboni.

Wakacheka mpaka wakashikana. Nikafikiri kuwasha gari nikimbie. Badala yake nikafungua mapazia yote, nikakaa kwenye kidaraja cha mlango wa gari, nikachomoa sindano, nikaendelea na pindo mbele ya soko zima.