Uso Ulioiva Mbele ya Muuza Sponji

Fundi makochi alikuwa na wivu usio na likizo. Mkewe akishona vitambaa kwenye cherehani, yeye aligonga misumari huku macho yakiwa mlangoni. Mteja akiusifia mshono wa mama, nyundo ilikosa msumari ikaangukia kidole. Ungedhani ndoa ni duka, naye ndiye mlinzi.

Aliyemkosesha usingizi hasa ni muuza sponji, mwanamume mcheshi mwenye viatu vinavyong'aa. Kila akiingia, uso wa mke uliiva ghafla mpaka shingoni, jasho likamtiririka. Kisha aliiacha cherehani na kukimbilia chooni.

"Unamwonea haya yule?" Fundi alifoka siku moja, mgeni alipoondoka.

"Baba watoto, ni joto tu. Na tumbo langu haliko sawa."

"Joto gani hilo linalokuja na mtu?"

Roho ilimuuma kweli kweli. Akampiga marufuku muuza sponji, akawa anafuata sponji mwenyewe. Uso wa mke ukaendelea kuiva. Sasa Fundi akamshuku kila mtu, hadi msoma mita wa maji. Mwanamke akakonda, magauni yakampwaya. Fundi akasema anajikondesha ili apendeze. Alipozimia juu ya kochi, dada yake Fundi hakuomba ruhusa ya mtu, akampeleka wifi yake hospitali. Fundi naye mbio nyuma yao, mke asije akaachwa peke yake na daktari.

Na daktari mwenyewe alikuwa kijana mtanashati! Fundi akanuna hadi vipimo vya mkojo na picha za tumbo ziliporudi.

"Ni uvimbe wa nadra kwenye utumbo mdogo," daktari akasema. "Unamwaga kemikali kwenye damu, ndiyo maana uso unawaka na tumbo linaharisha. Watu hudhani ni mambo mengine, wanachelewa. Huu umeshafika kwenye ini. Kuna sindano za kuutuliza, lakini hatuwezi kuuondoa wote."

Daktari akamgeukia mgonjwa.

"Mama, uso huwaka zaidi wakati gani? Kwa wengine ni chakula fulani, wengine pombe, wengine hofu."

"Hofu," mke akasema. "Mgeni akiingia, mume wangu anaacha kugonga, ananitazama."

Hata wakati huo Fundi alikuwa akimtazama. Uso wa mkewe ukaanza kuiva. Fundi akayaondoa macho, asijue ayapeleke wapi.