Timu ya Watu Kumi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo nashusha pumzi. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nasoma kidato cha tatu katika shule ya kulipia hapa Malindi. Nilikuwa nahodha wa hoki. Usicheke! Enzi hizo nahodha wa hoki alikuwa mtu. Akipita na fimbo yake begani, wadogo walimpisha njia.

Lakini nilichorithi mimi kilikuwa mabaki. Nilipoingia kidato cha kwanza shule ilikuwa na timu tatu. Kisha mwalimu aliyeupenda mchezo huo akastaafu, fimbo zikivunjika hazinunuliwi nyingine, na wavulana wakahamia kandanda, ambayo mtu aweza kuicheza hata pekupeku. Kila muhula wawili watatu walikuja kunirudishia jezi. Nikaona hoki inafia mikononi mwangu, na aibu hiyo nikaibeba peke yangu hata chakula kikawa hakipiti.

Mwalimu mkuu akasema waziwazi kwamba siku tutakayoshindwa kutoa wachezaji kumi na mmoja, ndiyo mwisho. Jumamosi ile tulikuwa tucheze na wageni kutoka Kilifi. Nikahesabu watu wangu mara tatu, nami nikiwamo. Kumi.

Sasa sikiliza ujinga wa kijana. Alikuwako mwenzetu, Otieno, aliyehamia Kisumu na wazazi wake, na jina lake lilikuwa halijafutwa katika daftari la michezo. Mwalimu Mutua, msimamizi wetu mpya, hakupata kumwona. Ijumaa nikapanda baiskeli mpaka Ganda kwa shangazi yangu, kwa mwanawe Kazungu, kijana wa rika langu aliyekuwa akilima na wazazi wake. Nikamwambia kesho yeye ni Otieno.

"Mimi na Otieno wapi na wapi?" akauliza, akicheka mpaka akakaa chini.

"Nusu siku tu. Wewe usiseme sana."

Shangazi nilimdanganya kwamba namchukua akatazame mchezo. Jioni hiyo nikamfundisha nyuma ya nyumba yao. Aliishika fimbo kama jembe, masikini, lakini mbio alikuwa nazo. Wenzangu tisa niliwaapisha wanyamaze.

Mchezo wenyewe haukufika mapumziko. Mpira wa hoki ni mgumu kama jiwe, na aliyezoea hujua mahali pa kusimama. Kazungu hakujua. Mmoja wa wageni aliupiga kwa nguvu zake zote, ukampata mdomoni, akaanguka chali. Nilipomfikia, meno mawili yako nyasini, mdomo umepasuka, na macho yake yamefumbuka lakini hayanitazami.

Mwalimu Mutua akatupakia katika pikapu ya shule hadi hospitali. Njia nzima nilimshika Kazungu kichwa. Tulipofika nesi akauliza jina la mgonjwa.

"Otieno," akajibu mwalimu. Nikanyamaza.

Nesi akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mwalimu akafungua lile daftari la michezo, ambamo afya ya kila mchezaji iliandikwa, akasoma kwamba Otieno hana tatizo lolote. Nesi akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

"Ni penisilini," akamweleza mwalimu. "Kidonda kisije kikatunga usaha."

Mwanangu, tulipokuwa wadogo Kazungu alipigwa sindano hiyo hiyo katika zahanati. Akavimba uso, koo likaziba, shangazi akaanza kumlilia msiba. Alipona kwa rehema za Mungu, na nilikuwako nikaona. Sasa yeye hawezi kusema, mwalimu hajui, mwenye kujua ni mimi peke yangu. Na nikwambie ukweli, hata hapo nilisita! Niliwaza timu. Niliwaza kufukuzwa shule. Nesi akamshika mkono, akampaka spiriti.

"Usimchome!" nikapiga ukelele. "Huyo si Otieno! Ni Kazungu, binamu yangu, na dawa hiyo itamuua!"

Nesi akarudi nyuma. Nikayasema yote huku nalia, kamasi zanitoka. Ikatafutwa dawa nyingine, mdomo ukashonwa, na kabla ya magharibi Kazungu alinitazama akanijua, akanibinya kidole. Lo! Nilimshukuru Mungu kwa sauti hata wagonjwa wengine wakageuka.

Mwalimu Mutua akanitoa nje, tukaketi kwenye benchi. Nilingoja kofi. Yeye akaniuliza taratibu, "Karisa, nani alikwambia kwamba hoki ikiisha, wewe ndiye uliyeiua?"

Nikajifuta kamasi kwa jezi.

"Wavulana wamependa mchezo mwingine, basi. Ungekuja ukaniambia, Mwalimu tuko kumi, ningewapigia simu wageni wasije. Na huyu angekuwa kwao na meno yake yote."

Shangazi alipofika alinisema, na ilikuwa haki yake. Shuleni nilisimamishwa wiki mbili, na Jumatatu mwalimu mkuu akatangaza kwamba hoki imefungwa. Nilidhani nitalia. Kumbe nilihisi nimetuliwa gunia la chumvi kichwani. Nilikula sahani mbili za wali siku hiyo, mama akanishangaa.

Kazungu alipoweza kusema vizuri, nilikwenda Ganda kumwomba radhi. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kipuuzi. "Ungeniita tena ningekuja," akasema. Maneno hayo yaliniogopesha kuliko ile sindano.

Basi wewe, mwanangu, ukikabidhiwa jambo nalo likakuishia mkononi, iwe ni timu, ni kwaya, ni chama cha vijana, usitafute mtu wa kulijazia kwa uongo. Hesabu watu wako, kisha mwambie mkubwa wako idadi uliyo nayo. Jambo kufika mwisho wake si dhambi yako. Na kama umekwisha kudanganya, sema sasa hivi, hata sauti ikitetemeka, hata kamasi zikikutoka. Tena uwachunge sana wale wasioweza kukukatalia, maana hao ndio utakaowaumiza kwanza.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, akupe na mwalimu wa kukuuliza taratibu. Na wanaokupenda awaweke salama, na wewe usiwe balaa lao. Amina.