Sweta Moja ya Doto

Wifi yangu Zuhra hajui kutulia. Anafuma akipika, anafuma akipokea salamu, na ukimwambia akae chini apumzike, anakujibu kwamba hapo alipo amepumzika. Kila Idi ya Kuchinja inapokaribia, ukoo mzima hapa Nyahanga tunajua tutapewa nini. Kaka yangu Salmini, ambaye ndiye mumewe, atapata kofia. Majirani watapata vitambaa vya makochi, wajukuu watapata sweta. Mimi nina vitambaa vingi kuliko makochi yenyewe, na sijathubutu kukataa hata kimoja. Watu humcheka, eti joto lote hili la Kahama, sweta za nini? Naye huwajibu kuwa wataonana Juni alfajiri.

Kazi yake hasa ilikuwa kwa mapacha wa binti yake Tabu, Kulwa na Doto. Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na ukimpa mmoja kitu umpe na mwenzake, tena sawasawa. Zuhra aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Sweta zao alizifuma pamoja: mstari mmoja kwenye hii, anaiweka chini, mstari mmoja kwenye ile. Asitangulie mtu, alisema.

Kisha homa ikamchukua Kulwa akiwa na miaka minne. Idi iliyofuata, Zuhra akapeleka sweta mbili vilevile. Tabu akaipokea ile ya pili, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Sikukuu nzima hatukumwona.

Baadaye Tabu na mumewe wakahamia Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, wakafungua duka. Mwaka huu akapiga simu, na mimi nilikuwepo.

"Mama, safari hii leta sweta moja. Na ukija, mtoto muite Nasra, jina lake la shule. Huku hakuna anayejua kwamba walikuwa wawili. Ukisema Doto tu, mtu anauliza Kulwa yuko wapi."

"Sawa, mwanangu," Zuhra akasema.

Sawa gani! Tangu siku ile nyumba haikukalika. Alianza sweta ya njano, akaifumua. Akaianza upya, mkono mmoja ukazidi mwingine, akafumua tena. Alifuma amesimama mlangoni, akahamia jikoni, akatoka uani, uzi ukiburutika nyuma yake na kuku wakiudonoa. Mchicha uliungua, wali ukaungua. Mimi nilichoka, nami nikichoka mdomo wangu haufungiki.

"Wifi, mtoto ana mikono miwili kama watoto wote. Kinachokushinda ni nini?"

"Sina cha kupimia," akasema. "Zamani nilikuwa naitazama ile nyingine, najua nimefika wapi. Sasa sijui."

Siku chache baadaye nikamkuta na sweta mbili za njano mapajani, kila moja na sindano zake. Nikamfokea.

"Unataka mwanao ajifungie tena? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa Kulwa ni Tabu, si wewe!"

"Na mimi ni nani wake?" akaniuliza.

Hapo nikaona aibu.

Alizimaliza zote mbili, zimelingana hadi vifungo. Siku moja kabla ya safari akaziweka kwenye mkeka, akazitazama mpaka chai yake ikapoa. Halafu akaishika moja, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuifumua, shingo, kifua, mikono, huku akiuzungusha uzi kuwa donge. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Nilitamani kumwambia aache, lakini si mimi niliyekuwa nimemfokea?

Rwamgasa tulifika mchana, makarasha yanasaga mawe kwa kelele mtaa mzima.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi," Tabu akatupokea, amenenepa kidogo, macho yanahangaika.

"Njoo ujaribu, Nasra," Zuhra akamwambia mtoto, na jina lile lilimtoka kwa shida. Sweta ilimkaa kama ameshonewa mwilini. Akatoka mbio kwenda kuwaonyesha wenzake, kwenye jua lile.

Tabu akauvuta mfuko wa mama yake. Akatoa kofia ya mumewe, akatoa vitambaa vya makochi. Akaingiza mkono tena, akapapasa. Akaupindua mfuko, akaukung'uta.

"Mama, ni ile tu?"

"Si ulisema moja?"

"Nilisema." Akakaa sakafuni, ameushika mfuko mtupu. "Nilijua tu hutanisikia, utaleta mbili. Nimeshaitengea mahali kabatini."